Mshindi Aliyeomba Kura Zihesabiwe Upya

Mheshimiwa Mbunge wa jimbo letu, Mheshimiwa Meya, waheshimiwa wabunge wa zamani, mliokaa leo safu moja bila kuwekewa askari katikati, viongozi wa dini na wa vyama, makarani na mawakala mliowahi kusinzia katika ukumbi huu mkiwa mmekumbatia masanduku ya kura, ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana. Na wewe, dada yetu, Msimamizi wa Uchaguzi, ambaye leo kwa mara ya kwanza umekaa humu ndani bila kumwambia mtu yeyote "naomba utulivu": habari za mchana?

Nimeombwa niseme maneno machache kuhusu historia ya uchaguzi katika jimbo hili, kwa kuwa tunamuaga, anapostaafu, mtu aliyeisimamia sehemu kubwa ya historia hiyo. Aliyeniomba hanijui vizuri. Mtu wa redio ukimpa kipaza sauti ukamwambia "maneno machache", ni sawa na kumwambia fundi cherehani akukatie shati bila kupima. Lakini nitajitahidi.

Nimeripoti kila uchaguzi wa jimbo hili tangu nilipokuwa na nywele. Na kwa miaka yote hiyo kuna swali moja limenikaa kichwani kama wimbo usioisha. Jimbo letu ni dogo. Ukianza kutembea sokoni asubuhi, unapita stendi, unapita hospitali, unavuka reli kule Karakana, na kabla jua halijawa kali umeshalimaliza. Sasa iweje mahali padogo namna hii pawashinde watabiri wote? Wakisema fulani anapita, hapiti. Wakisema fulani kwisha habari yake, kesho yake amebebwa mabegani. Sisi ni watu wa namna gani?

Mbunge wetu wa kwanza, kwa wale ambao mlikuwa hamjazaliwa, alikuwa mwalimu wa hesabu. Hakuwa na gari. Alifanya kampeni kwa miguu, koti lake lina chaki mifukoni, akamshinda mtu mwenye majumba mtaa mzima. Tukamshangilia. Miaka mitano baadaye alisimama mbele yetu akatuambia ukweli: mtaro wa maji machafu hauwezi kumalizika upesi, fedha hazitoshi, tuvumilie. Tukamnyima kura. Tukamchagua wakili aliyeahidi kuumaliza mtaro huo kabla ya mwaka kwisha. Kipindi chake kilipomalizika, mtaro ulikuwa umechimbwa, ndiyo, lakini ulichimbwa na mvua.

Ndipo akaja mzee wetu, Bwana Mabati, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale karibu na stendi. Mzee wangu, usinikunjie uso. Jana nilikuja dukani kukuomba ruhusa, ukanijibu, "Sema yote, ila usiseme nilivyonenepa." Basi sisemi.

Bwana Mabati aliingia bungeni bila kupingwa. Kipindi cha pili, hivyo hivyo, akapita bila kupingwa. Mara fomu ya mpinzani imekosewa, mara mpinzani mwenyewe ameamka asubuhi akaona ni heri apumzike. Mambo yalikuwa yanakwenda namna hiyo wakati ule, na wengi wetu humu tuliyaona tukanyamaza. Sisemi kwamba mzee ndiye aliyeyapanga. Nasema hakuuliza.

Uchaguzi wa tatu alipata mpinzani ambaye fomu yake haikuwa na kosa hata la nukta: mkunga wa hospitali yetu. Mama huyu alikuwa amewapokea mikononi mwake vijana wengi waliokuwa wanapiga kura kwa mara ya kwanza. Akiwaona kwenye mkutano anawaambia, "Wewe nilikushika kabla mama yako hajakushika. Leo unanizomea?" Kijana anaishiwa nguvu hapo hapo. Alama ya mkunga kwenye karatasi ya kura ilikuwa ndoo. Ya Bwana Mabati ilikuwa saa.

Sasa, ndugu zangu, ili mnielewe nisemayo mbele, lazima niwakumbushe Karakana. Katika kipindi chake cha pili mbunge wetu aliunga mkono barabara mpya ipite nyuma ya karakana ya reli, na nyumba za watu zikavunjwa. Nilikuwepo nikirekodi. Niliona mwanamke amebeba godoro kichwani kwenye mvua, nikamuuliza anakwenda wapi. Akaniambia, "Niulize swali jingine."

Siku ya kura ikapita kwa amani. Kesho yake mchana matokeo ya vituo vyote yakawa yanajumlishwa humu humu, kwenye ukumbi huu. Dada yetu alikuwa ndiyo kwanza ameteuliwa. Alikuwa msichana mwembamba, amevaa miwani mikubwa kuliko uso, na wakubwa wa vyama walikuwa wakimwita "binti" kila sentensi. Wagombea wawili wanakimbizana, huyu mbele, yule mbele, mpaka kikabaki kituo kimoja tu: Karakana. Karani wa kituo akasimama, akasoma: saa, kura nyingi, ndoo, kura chache. Kwa hizo, Bwana Mabati alikuwa ameshinda kwa tofauti ndogo sana.

Wafuasi wake wakaruka, viti vikaanguka. Nje, watu wa mkunga wakaanza kupiga mageti. Mwenyekiti wa chama cha mzee akainama mezani kwa dada.

"Binti, tia saini. Watu wanangoja juani."

Dada akachukua kalamu. Na hapo Bwana Mabati akasimama.

"Samahani, dada. Hicho kituo cha mwisho, hebu kirudie."

Akakirudia.

"Yaani mwenye hizo nyingi ni mimi?"

"Ndiyo, mzee."

"Karakana? Karakana hii hii yetu?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti akamvuta koti. "Kaa chini, mzee. Umeshinda."

"Nimeshindaje? Watu wale niliwavunjia nyumba! Mara ya mwisho kwenda kule walinirushia viatu. Mimi mwenyewe ningekuwa mkazi wa Karakana, nisingejipigia!"

Mimi nimeshika kinasa sauti changu. Nimesikia washindwa wengi wakilalamika kwamba wameibiwa. Sikuwahi kumsikia mshindi.

Sasa tumtazame dada. Angeweza kutia saini, na hakuna ambaye angemlaumu; mambo yote yalikuwa yamesomwa mbele ya watu. Aliiweka kalamu chini.

"Mzee, unaomba rasmi kura za kituo hicho zihesabiwe upya?"

"Naomba."

"Kwa kawaida anayeomba ni aliyeshindwa."

"Najua. Sheria inanikataza?"

Dada akafungua kitabu cha sheria, akapitisha kidole mstari kwa mstari, hana haraka, utadhani yuko peke yake nyumbani. Akainua uso. "Haikukatazi."

Mwenyekiti akamsogelea. Alisema kwa sauti ya chini, lakini kinasa sauti changu kilisikia. "Binti, kazi hii umeipata juzi tu."

"Ndiyo maana bado naiogopa," dada akamjibu. "Leteni sanduku."

Likaletwa, likafunguliwa juu ya meza iliyokuwa pale palipo na maua leo. Kura zilikuwa zimefungwa mafungu mafungu. Dada akachukua fungu kubwa, lililoandikwa "saa" juu yake, akalifungua, akaanza kuinua karatasi moja moja kila mtu aone.

"Ndoo. Ndoo. Ndoo. Ndoo."

Dada akaendelea.

"Ndoo. Ndoo."

Mafungu yalikuwa yamebadilishwa majina. Ya ndoo yameitwa ya saa, na ya saa yameitwa ya ndoo. Wakala wa mkunga alikuwa ameondoka kituoni kabla ya kuhesabu kwisha, mtoto wake ameugua. Wakala wa mzee akatia saini bila kuuliza. Je, ulikuwa uchovu wa watu waliosimama tangu alfajiri, au kuna mkono ulipita? Karani alisema ni uchovu. Nimemuuliza tena na tena miaka iliyofuata, amenijibu vile vile. Mpaka leo sijui, na sitajifanya kwamba najua.

Mkunga alikuwa amekaa pembeni, amevua viatu, miguu imevimba. Dada alipomtangaza kuwa mbunge, hakuruka. Alikuwa bado anatafuta kiatu cha pili kwa mguu chini ya meza. Bwana Mabati akavuka ukumbi, akampa mkono.

"Hongera, mama. Mtaro sasa ni wa kwako."

"Mzee," mkunga akamwambia, "hata kunipongeza unanitwisha mzigo?"

Nje, mageti hayakupigwa tena.

Mngedhani watu walimsifu mzee. Thubutu! Chama chake kilimfukuza. Wengine walisema amehongwa, wengine walisema amerogwa. Mkewe, shemeji yetu aliyekaa pale mbele, alimpakulia chakula, akafungasha nguo akaenda kwa dada yake. Alirudi baada ya wiki. Nilipomuuliza kwa nini alirudi, alisema, "Dada yangu anakoroma."

Na huyu tunayemuaga leo? Alisimamishwa kazi. Ndiyo, nyie vijana mnaoguna, mmesikia vizuri. Akaitwa makao makuu ya uchaguzi ajieleze kwa nini "alivuruga utaratibu". Kwa miezi kadhaa tulimwona sokoni akimsaidia mama yake kuuza vitambaa, na kila aliyepita alinunua kipande hata kama hana cha kushona. Kisha siku moja gari dogo la Bwana Mabati likaonekana linatoka mjini, na ndani yake, kiti cha mbele, amekaa mkunga. Wale wapinzani wawili walikwenda pamoja makao makuu kumtetea. Njia nzima, mkunga ameniambia, walibishana kuhusu barabara ya Karakana. Lakini walipoingia ofisini walisema neno moja: "Binti huyu alifuata sheria. Mrudisheni." Akarudishwa.

Mimi lakini nilibaki na swali langu. Kwa nini mzee alisimama? Nilimuuliza mkunga, akasema mzee aliogopa kwamba mji ungewaka moto. Nilimuuliza mwenyekiti wa chama, akaniambia nitoke ofisini kwake. Nilimuuliza shemeji, akasema, "Mume wangu akinunua misumari, hata ikizidi mmoja anarudisha." Majibu mazuri yote, lakini hayakuniridhisha. Mtu anarudisha msumari, harudishi ubunge.

Mwisho nikaenda dukani nikamuuliza mwenyewe, katikati ya makopo ya rangi. Alimhudumia mteja kwanza. Kisha akaniambia, nami nayanukuu maneno yake mbele yake:

"Mara mbili nilipita bila kupingwa. Unajua maana yake? Kila mtu ananiita mheshimiwa, na simjui hata mmoja aliyenichagua. Nikipita mtaani nawatazama watu usoni, najiuliza, huyu ananitaka? Yule? Siku ile ndiyo mara ya kwanza watu walinipigia kura. Nilitaka kujua zangu ni ngapi. Zangu za kweli."

"Na ulipojua?"

"Niliumia, bwana. Niliumia sana." Akapanga makopo yake. "Lakini zilikuwa nyingi kuliko nilivyokuwa nikiogopa."

Waheshimiwa, hapo ndipo nilipoanza kulielewa jimbo hili, japo si lote. Tangu siku ile, humu ndani hakuna mgombea aliyepita bila kupingwa. Mkunga alituongoza vipindi viwili, tukamwomba wodi ya wazazi, akaijenga. Kisha tukamwangusha, na Mheshimiwa aliyemwangusha naye tukamwangusha. Mheshimiwa Mbunge wetu wa sasa, naona unacheka, lakini unacheka kwa tahadhari. Na kila mara, aliyeshinda na aliyeshindwa walitoka mlango huu huu wakiijua idadi ya kura zao za kweli. Nani aliyewapa kuijua? Ni huyu hapa, aliyekuwa akiinua karatasi moja moja hadi mkono ukamuuma.

Wiki iliyopita nilimhoji kwa ajili ya kipindi cha redio. Nilimuuliza kati ya wabunge wote hawa, nani alikuwa bora. Akatabasamu, akaninywesha chai. Nikamzunguka kwa mlango wa nyuma: "Basi niambie tu, dada, mwenyewe umewahi kumpigia nani?"

Akasema, "Sijawahi."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akanieleza. Yeye anaishi ng'ambo ya mto, jimbo la jirani, na ndiko alikojiandikisha. Sheria inataka mtu apigie kura pale alipojiandikisha. Na kila siku ya kura, tangu alfajiri mpaka mambo yaishe, yeye alikuwa hapa, akilinda kura zetu. Maisha yake yote ya kazi, mama huyu hajatumbukiza hata karatasi moja sandukuni.

"Uchaguzi ujao utanikuta nyumbani," aliniambia. "Nitaoga, nitavaa gauni langu la bluu, nitakwenda kupanga foleni."

"Na utampigia nani?"

"Wewe!" akanikaripia, kwa sauti ile ile ya "naomba utulivu". "Kura ni siri."

Kwa hiyo nina ombi moja kwa mlio na ndugu ng'ambo ya mto. Waambieni, siku hiyo wakimwona mama wa makamo mwenye miwani mikubwa na gauni la bluu amesimama juani, wasimpishe mbele. Watamharibia. Wamwache asimame, akanyagwe vidole, alalamike kwamba foleni haisogei, achungulie mbele kama sisi sote, mpaka karani amwite kwa jina lake na kumkabidhi karatasi yake.

Dada, kwa niaba ya jimbo zima, waliokuchukia na waliokupenda, asante. Nanyi nyote mliovumilia maneno yangu machache yasiyokuwa machache, nawashukuru kwa kunitegea sikio.