Umeme Ukirudi, Mota Ingoje

Mgeni rasmi, Mama Mkurugenzi Véronique, ulipofika kwenye ndoo ya kunawia mikono pale mlangoni ulitusikia tukigombana. Ukanawa polepole, kidole kimoja kimoja, ili utupe nafasi ya kumaliza. Tunakushukuru. Lakini hatukumaliza.

Usibaki ukijiuliza tuligombania nini. Risala hii ina kurasa nne, na Bwana Katsuva, chef wetu, yaani mkuu wa karakana, alitaka ukurasa wa tatu urukwe.

"Pétronille, ile page ya tatu utaruka," alisema. "Mugeni amekuya kufungua mashini mupya. Hakuya kwa matanga."

"Na Bénédicte naye tumuruke?"

"Bénédicte mwenyewe iko hapa. Hajasema kitu."

"Nitasema namna gani na makelele yenu?" Bénédicte akajibu. "Asome yote."

Ndipo Papa Antoine, mashinisti wetu anayeendesha kinu, akasema bila kuinua kichwa: "Muache. Jina yangu iko tayari mu barua. Mutu moja anatosha."

"Nyamaza weye!" Bénédicte akamkatiza. "Unakimbilia kufukuzwa sawa vile iko arusi yako."

Hapo ndipo ulipoingia. Barua anayoizungumzia iko ndani ya mkoba wako, Mama Mkurugenzi, na wote hapa tunajua. Inasema Papa Antoine aache kazi mwisho wa mwezi huu, na inangoja sahihi yako baada ya sherehe.

Maneno hayo nimeyaandika kwa kalamu sasa hivi, wakati ulipokuwa ukiwasalimia watu. Yanayofuata tuliyachapa jana, ila kurasa mbili za mwisho nimeziandika upya leo kwa kalamu. Mimi ni Pétronille Vahwere, fundi wa umeme wa kinu hiki, na wenzangu wamenipa kazi ya kusoma. Ukurasa wa tatu upo. Nitausoma.

KARIBU SAIO

Umetoka Kisangani kwa gari, umelala Niania, na viatu vyako vinasema barabara ilikuwaje. Tumefurahi kwamba hukutuma mtu. Karibu kwenye Moulin Neema, kinu cha unga cha mtaa wa Saio, hapa Bunia. Sisi tuko saba. Wale akina mama unaowaona nje na mabeseni si wageni wa sherehe. Wamekuja kusaga, kama kila siku. Wengi wao walikimbia vita katika vijiji vya Djugu na sasa wanaishi kambini au kwa jamaa zao. Wana safari ya mguu ya kurudi, na lazima wafike kabla giza halijaingia. Tunaomba uwakumbuke unapotusikiliza, maana hata makosa yetu yalianzia kwenye huruma juu yao.

TULIKOTOKA

Kinu hiki kilianza na injini ya mazutu, yaani dizeli, iliyotufanya wote tukohoe. Baadaye kampuni yako ikatuletea mota ya umeme. Tulicheza siku ile. Lakini mota hiyo haikujua kuanza taratibu. Ukiiwasha ilivuta umeme wote kwa mara moja, taa za majirani zikapiga magoti, mkanda ukalia kama mbuzi anayeshikwa mguu. Mikanda ilikatika kila mwezi. Na laini moja kati ya tatu za umeme ilipokatika, mota ilijikokota kwa mbili zilizobaki hadi ikanuka. Iliungua hivyo mara mbili. Kila mara tulikaa wiki tano bila kazi tukingoja ifungwe nyaya mpya.

Isingekuwa Papa Antoine ingeungua mara nyingi zaidi. Yeye hakusomea umeme. Anaweka mgongo wa mkono juu ya mota na kusema, "Inachoka," nami nikipima kwa kifaa nakuta kweli joto limepanda.

TULICHOFAULU

Miaka miwili iliyopita ulitutumia variateur, lile sanduku la kijivu linaloongoza mwendo wa mota. Lilikaa wiki tatu njiani kwenye matope, likafika zima. Tangu lifungwe, mota inaanza kwa upole na kupanda mwendo kidogo kidogo. Laini ya umeme ikikosekana, inajisimamisha yenyewe kabla haijaungua. Mahindi yakiwa mabichi tunapunguza kasi, yakiwa makavu tunaongeza. Tulikuwa tukisaga magunia arobaini kwa siku, leo tunasaga sitini na tano. Mkanda tulionao ni ule ule tangu mwaka jana. Majirani hawatutukani tena, isipokuwa yule mwenye saluni, naye hutukana watu wote.

Na leo unafungua mashine ya pili, ya muhogo, yenye mota yake na variateur yake. Tumeifunga sisi wenyewe. Yannick na Osée walibeba vyuma vyake mabegani kutoka barabarani. Tunajivunia.

UKURASA WA TATU

Variateur ina mpangilio mmoja mdogo. Umeme ukikatika kisha ukirudi, unaweza kuiambia ingoje mtu abonyeze kitufe, au unaweza kuiambia ijiwashe yenyewe. Yetu ilifungwa ikiwa inangoja.

Umeme wa hapa hukatika mara sita, mara tisa kwa siku. Kila uliporudi, Papa Antoine aliacha mashine, akazunguka nyuma hadi kwenye kabati la umeme, akawasha, akarudi. Akina mama wakangoja na watoto mgongoni. Mwezi wa nne mmoja wao alimwambia, "Papa, tukichelewa hapa, njiani tutakutana na nani?" Papa Antoine hakulala vizuri kwa neno hilo. Namba ya siri ya variateur ilikuwa ile iliyotoka nayo kiwandani, sifuri nne, hakuna aliyeibadilisha. Akaingia, akaiambia mota ijiwashe yenyewe.

Kabla ya kufanya hivyo alikuja kuniuliza. Ripoti ya wakaguzi wenu haina habari hii. Alinikuta mlangoni nikitoka mbio, shule ilikuwa imenipigia kwamba mtoto wangu ana homa.

"Mama Pétronille, kifuniko ya kinu ikiwa wazi, mashini inaweza kuwaka?"

"Haiwezi," nikamjibu, nami nikaenda.

Kwenye mchoro haiwezi. Kifuniko kina swichi yake. Ukikifungua, swichi inakata, na mota haipati amri hata umeme ukirudi mara mia. Lakini vumbi la unga lilikuwa likiingia kwenye swichi ile na kuisimamisha mashine bila sababu. Nilikuwa nimeomba nyingine mara tatu, haikuja. Mwezi wa pili nilichukua kipande cha waya, nikaunganisha pande mbili za swichi ili mashine idhani kifuniko kimefungwa daima. Nilisema ni kwa siku mbili. Sikuandika popote, wala sikumwambia mtu. Siku mbili zikawa majuma kumi na manne, na siku Papa Antoine aliponiuliza, waya wangu ulikuwa umenitoka kichwani.

Yeye alikitegemea kifuniko changu. Mimi niliutegemea mpangilio aliokwisha kuubadilisha. Kila mmoja wetu aliona mlango wa pili umefungwa, na hakuna aliyefungua mdomo kumwambia mwenzake amefungua wa kwanza.

Jumanne moja ya mwezi wa tano, saa nne asubuhi, umeme ulikatika. Mahindi yalikuwa mabichi, chujio limeziba. Bénédicte, ambaye kazi yake ni kulisha kinu, akafungua kifuniko na kuingiza mkono kukwangua, kama alivyofanya mara nyingi. Umeme ukarudi baada ya dakika nne. Mota kabla ya variateur ingeshtuka na kupiga kelele, naye angetoa mkono. Safari hii ilianza kwa upole, kama tulivyoisifia. Osée alikimbia kwenye kitufe chekundu, akabonyeza, lakini nyundo ndani ya kinu ziliendelea kuzunguka kwa uzito wake. Bénédicte alipoteza vidole viwili vya mkono wa kuume.

Mchana ule ule niliutoa waya. Niliutoa ili usimdhuru mwingine, lakini wakaguzi walipofika hawakukuta kitu. Walichokuta ni kumbukumbu ya variateur, yenye tarehe ambayo Papa Antoine alibadilisha mpangilio. Wakaandika jina lake peke yake. Nilinyamaza majuma kumi na moja. Nina watoto watatu na diploma moja, na niliogopa. Asubuhi ya leo niliwaambia wenzangu, na ndiyo sababu ulikuta ugomvi.

Katsuva alipotaka niuruke ukurasa huu, hakukusudia kukudanganya. Alihofia kwamba nikiondoka hakuna atakayefunga mashine hizi. Papa Antoine naye aliniambia, "Weye uko na batoto wadogo. Bangu wamekomaa." Yannick akataka wote saba tusaini kosa. Nilikataa. Saba hawakuweka waya. Waya niliweka mimi.

Bénédicte ametuomba tuseme jambo moja kwa niaba yake. Tangu siku ile, kila Jumamosi Papa Antoine huenda nyumbani kwake kumtwangia sombe, majani ya muhogo. Watoto wa mtaa humcheka, mwanaume na mchi. Anakuomba ujue hivyo kabla hujafungua kalamu. Tulimuuliza kama anaitwanga vizuri. Akasema, "Vibaya sana. Lakini anakuya."

TUNACHOOMBA

Tunaomba usisaini barua hiyo kama ilivyo. Andika na jina langu, kisha upime. Ukiona makosa mawili yanastahili adhabu mbili, tutazipokea. Ukiona mtu aliyeuliza swali sahihi akajibiwa vibaya anastahili kuendelea na kazi, tutakushukuru kwa muda mrefu.

Tunaomba swichi za vifuniko ambazo vumbi haliziingii, zile za sumaku, mbili kwa kila kinu. Nimeandika namba zake nyuma ya karatasi hii. Usizitume pamoja na mzigo mwingine, zitapotea.

Tunaomba kifaa cha breki kwa variateur zote mbili. Nimepima: kinu kikiwa mwendo kamili, ukibonyeza chekundu kinachukua sekunde hamsini na mbili kusimama. Kwa breki zitabaki chache. Katika sekunde hamsini na mbili mtu anaweza kumaliza Baba Yetu mara mbili, na mkono haungoji amina.

Tunaomba honi inayolia kabla mota haijaanza. Upole wa mashine ni mzuri kwa mkanda. Kwa mwanadamu, afadhali ipige kelele kwanza.

Mpangilio tumekwisha kuurudisha: umeme ukirudi, mota ingoje. Namba ya siri tumebadilisha. Tunajua kungoja huko kutawachelewesha akina mama wa nje, kwa hiyo tunaomba kitufe cha kuwashia kihamishwe kutoka nyuma kiwekwe mbele, mahali ambapo anayewasha anaona kinu na mikono ya watu wote. Ni mita kumi na nne za waya tu. Kama hilo nalo litachukua mwaka, tuambie leo.

TULICHOAMUA

Mama Mkurugenzi, kuna jambo moja hatuliombi. Tumeliamua sisi, dakika chache kabla hujafika, na katika hilo hatukugombana hata kidogo.

Kabati la umeme lilikuwa likifunguliwa na yeyote mwenye bisibisi. Ndivyo watu wawili wema walivyoweza kuharibu, kila mmoja kwa wakati wake, bila mwenzake kujua. Kuanzia leo kabati lina makufuli mawili na funguo za watu wawili. Hakuna atakayegusa kitu ndani bila wa pili kusimama pale na kuona. Ufunguo mmoja ni wa fundi wa umeme. Wa pili tumempa mtu anayeisikia mota kwa mgongo wa mkono.

Hapa nasimama kusoma kidogo. Osée, teremsha swichi kuu mle kabatini, kisha ufunge mlango wake. Asante. Kimya, jamani, hata nyie wa nje.

Mimi nafunga kufuli la kwanza. Limefungwa.

Bénédicte, mpe la pili. Papa Antoine, simama. Simama, Papa, magunia hayatakimbia. Njoo ufunge.

Amefunga. Amevuta kuhakikisha. Ufunguo uko mfukoni mwake.

Sasa, mgeni rasmi, kitufe cha kijani cha mashine mpya kinakungoja, na utepe tumeufunga vizuri. Lakini ili umeme ufike hapo, kabati lazima lifunguliwe, na sisi wawili ndio wa kulifungua, mbele yako. Barua iko kwako. Hatuna haraka. Akina mama wamekubali kungoja kidogo.

Mungu akupe moyo mpana na mkono usiotetemeka. Akurudishe Kisangani salama, na matope ya Niania yakupishe. Awatunze watoto wako kama unavyotunza riziki ya wetu.

Ni sisi wafanyakazi wa Moulin Neema, Saio, Bunia: Katsuva, Antoine, Bénédicte, Osée, Yannick, Dorcas, nami niliyesoma, Pétronille Vahwere.