Aliyesimama Kushoto Mwisho

Ndugu, jamaa, majirani, nanyi wachezaji wa timu ya taifa mliobanana upande wa kulia wa turubai wakati viti vya kushoto vipo tele, familia imempa mdogo wa marehemu kazi ya kusoma historia hii kwa kuwa ndiye mwenye sauti kubwa, si kwa kuwa ndiye mwenye akili, kwa hiyo mtamvumilia.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mzee Tulia kwa lile neno alilomwambia kila aliyesimama mbele ya kamera yake, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa kwanza wa fundi wa mabehewa, na miaka mitatu baadaye mdogo wake alizaliwa akamnyang'anya mgongo wa mama, jambo ambalo marehemu hakulisahau wala hakuacha kulitaja mbele ya wageni.

Alisoma shule ya msingi ya mtaa huo kuanzia 1958 hadi 1965, sekondari akaishia kidato cha pili, kisha Januari 1968 akaingia kujifunza kazi katika studio ya picha mkabala na stesheni, akakaa miaka sita kwenye chumba cha giza akisafisha picha za wenzake, hadi tarehe 2 Septemba 1974 alipoajiriwa na gazeti la michezo, na tangu hapo kila timu yetu ilipofuzu fainali za ubingwa wa bara, yeye ndiye aliyepiga ile picha ya kikosi, sita wamesimama, watano wamechuchumaa.

Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa na fundi cherehani aliyekuja kupigwa picha ya paspoti katika ile studio ya zamani, ambako marehemu bado alishika zamu za Jumapili, akaambiwa mara tatu kwamba picha imeungua na inabidi arudi, na mjane anasema alijua tangu mara ya kwanza kwamba kamera haikuwa na filamu. Walijaliwa watoto wanne, wa mwisho akiwa kijana aliyezaliwa mwaka 1999, wakati nguo zote za watoto zilikwisha kugawiwa majirani, na ndiye beki wa kushoto mnayemwona hapa mbele.

Sasa, lile linalosemwa mitaani familia imekubaliana isilifiche. Mwaka 1982 timu ilifuzu kwa mara ya kwanza, ikafungwa michezo yote mitatu, na mshambuliaji wetu Kiberiti, aliyesimama kushoto mwisho katika picha ya marehemu, akafa ajalini kabla timu haijamaliza wiki nyumbani, watu wakalia, hakuna aliyeikumbuka picha. Mwaka 1996 tulipata sare mbili, tukatolewa kwa bao la dakika ya mwisho, na kiungo aliyesimama mahali pale pale akashikwa na homa hotelini, akarudi nyumbani ndani ya sanduku. Mwaka 2010, tulipofika robo fainali, ambako hatujawahi kupita, wachezaji walisukumana mbele ya kamera mpaka kipa wao Mlingoti akaenda kusimama pale akicheka, akisema hata kifo kitahitaji ngazi kumfikia, kisha siku ya robo fainali wenzake walipomgongea mlango asubuhi hakuamka, na tukafungwa manne.

Marehemu aliyacheka maneno hayo, akisema kamera haina macho ya kuchagua mtu, ila aliporudi safari ile alizishusha picha zote tatu ukutani, mkewe akauliza kulikoni, akajibiwa kwamba ukuta unataka rangi, rangi haikununuliwa, na ile miraba mitatu iliyobaki mipya ukutani mmeiona wote mlioingia sebuleni.

Jumamosi ya tarehe 11 Mei 2024, timu ikiwa imefuzu kwa mara ya nne, marehemu aliitwa kwa heshima, ingawa ni mstaafu, aje apige picha ya kikosi, na kwa kuwa mwanawe alikuwa mgeni kikosini, ndiye aliyeachiwa ile nafasi. Wenzake wanasimulia kwamba mzee alichungulia kwenye kamera, akainua kichwa, akachungulia tena, hakusema "tulieni", akasema, "Wewe, njoo katikati, huko jua linakukata uso," na siku ile kulikuwa na mawingu tupu, kisha akaitega kamera ijipige yenyewe, akakimbia na miaka yake sabini na mitatu, akasimama kushoto mwisho na kizibao chake cha mifuko mingi, wachezaji wakacheka, isipokuwa wawili.

Moyo ulikuwa ukimsumbua tangu 2021, madaktari wamelieleza hilo vizuri, na familia inawaamini, hasa mchana. Alianguka bafuni tarehe 19 Mei, akalazwa, na asubuhi ya Jumatatu, tarehe 27 Mei, alimuuliza mwanawe timu inaondoka lini, akaambiwa Jumamosi, akasema, "Basi imetosha," akafumba macho, asiyafumbue tena.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wadi ya moyo, majirani mliopika na kuosha vyombo bila kuitwa, wenzake wa gazetini, na timu ya taifa, ambayo inaondoka kesho.

Leo asubuhi, akipiga pasi shati hilo alilovaa, kijana alisema, "Baba mdogo, mzee alikaa mahali pangu, kwenye picha ya jeneza nitakaa mwenyewe." Mpiga picha amekwisha kuelekezwa. Kijana atasimama katikati, karibu na mama yake, na kule kushoto mwisho kuna mwenyewe tayari, mtu mzima mwenye kitambi na vidonge vya presha mfukoni, ambaye alianza kumchukulia kaka yake nafasi tangu mgongoni kwa mama, na hii itakuwa ya mwisho.

Kaka, nimetulia. Pumzika kwa amani.