Historia ya Marehemu Fridah Kanze Ngowa, Aliyeleta Tende za Mwaka Huu

Mchungaji, wazee wa ukoo, Bi Radhia na watu wako mliotoka Malindi alfajiri, majirani wa Tezo na wa Mtwapa, wanaostahili shikamoo nawapa shikamoo, na wengine hamjambo. Mimi ni Dorcas Sidi, dada mkubwa wa marehemu, na kwa utaratibu ulivyo yeye ndiye angesimama hapa akasoma yangu, lakini utaratibu haukufuatwa, basi nisikilizeni mimi. Kamati imeniambia nisome polepole na nisiongeze maneno. Nitajaribu.

Marehemu Fridah Kanze Ngowa alizaliwa tarehe 12 Agosti 1974, hapa hapa Tezo, katika nyumba iliyokuwa pale wanapopikia akina mama sasa, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Ngowa wa Chengo na marehemu mama yetu Jumwa. Kwenye misiba husemwa kwamba marehemu alikuwa mtoto mchangamfu, wetu hakuwa mchangamfu, alikuwa mtoto wa kuuliza, ukimtuma chumvi dukani anataka kujua imetoka wapi na nani kaileta, mama akimfokea aende, anakwenda, lakini anakwenda akiuliza.

Alianza masomo mwaka 1981 katika shule ya msingi ya hapa Tezo, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1988, kisha akajiunga na shule ya upili ya wasichana mjini Kilifi, akamaliza kidato cha nne Novemba 1992 kwa alama nzuri, na baba akauza mbuzi wa kumpeleka chuo, lakini mvua haikunyesha mwaka ule na pesa za mbuzi zikaishia kwenye chakula cha nyumbani. Hakulalamika, au kama alilalamika hakunilalamikia mimi.

Machi 1993 alikwenda Malindi, akaajiriwa katika duka la nafaka, viungo na tende la Bi Radhia Stambuli na marehemu mumewe, kule mji wa kale, na ningependa watu wa Tezo mjue kwamba wakati ule msichana wa huku bara, Mkristo, asiyejua hata kupima iliki, hakuwa akipewa tu meza ya duka la mji wa kale kuisimamia. Bi Radhia alimpa. Akampa na chumba cha kulala uani, akamfundisha mizani, akamfundisha kwamba mteja husalimiwa kwanza ndipo akaulizwa anataka nini, na tangu hapo akamwita mwanangu mpaka wiki hii.

Ni katika duka lile marehemu alipopata jibu la maswali yake ya utotoni, kwamba chakula kinachotoka nje ya nchi kina njia yake, kikaguliwe kule kinakotoka kabla ya kupakiwa na kipewe hati, mwagizaji awe amesajiliwa na kibali chake kimetoka, kikifika Mombasa ushuru ulipwe, maofisa wa afya wachukue sampuli wakapime, na lebo iseme kimetengenezwa lini, kitaharibika lini na nani amekileta, na hati zote hizo ziseme kitu kimoja. Wengine huona hayo ni usumbufu. Yeye aliyapenda kama watu wanavyopenda kwaya, sijui niseme vipi.

Tarehe 5 Desemba 1998 alifunga ndoa na Bwana Mramba, fundi wa majokofu, ambaye mnamwona ameketi pale na shati alilochaguliwa na bintiye, wakahamia Mtwapa ili marehemu awe karibu na bandari, wakajaliwa watoto wawili, Emily aliyezaliwa tarehe 17 Mei 2000, na Gona aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 2004. Alisomea uwakala wa forodha Mombasa, akamaliza mwaka 2001, akaajiriwa na kampuni moja ya huko, na mwaka 2011 akafungua ofisi yake mwenyewe Mtwapa, ya kutoa bandarini vyakula na vinywaji peke yake, magari na nguo hakugusa.

Wenye hoteli za Malindi na Watamu walimjua, maana tambi zao, jibini zao na mafuta yao ya zeituni yalipita mkononi mwake, na mmoja wao, simtaji, jibini lake lilipokutwa limepitwa na tarehe, alimfuata ofisini akipiga meza, akisema kule kwao jibini linavyozeeka ndivyo linavyokuwa tamu, na marehemu akamjibu kwamba hapa kwetu pia wazee tunawaheshimu, lakini hatuwauzi. Jibini lilichomwa, na mwenyewe mwezi uliofuata akarudi kwake na kazi nyingine. Mchungaji naye, utanisamehe baba mchungaji, uliwahi kumuuliza inakuwaje mama wa kanisa anatoa mvinyo bandarini, akakwambia kwamba yeye hajawahi kulewa kwa kusoma lebo.

Nyumbani kwake, watoto walikula vitu ambavyo sisi tuliviona kwenye magazeti, kwa sababu sampuli zikishapimwa, wateja wengi hawakutaka kurudishiwa vifurushi vilivyofunguliwa, wakamwachia, na Emily alipokuwa mdogo alidhani biskuti zote duniani huuzwa zimekatwa kona. Lakini sheria ya nyumba ilikuwa moja, majibu ya maabara hayajatoka, hakuna kuonja, kifurushi kitakaa juu ya kabati hata mtoto alie mpaka ajikojolee. Nilimwona na macho yangu akimnyang'anya mumewe zeituni iliyokwisha kufika mdomoni. Mramba, usiinamishe kichwa, cheka tu, hata yeye alicheka.

Sasa nafika mwaka jana, na hapa karatasi yangu imeandikwa neno ugonjwa, lakini siwezi kuanza na ugonjwa kabla ya tende.

Mume wa Bi Radhia alipofariki, leseni na usajili wa kuagiza mizigo vilikwisha naye, vijana wao wako Muscat, na Bi Radhia akawa ananunua tende kwa watu wa Mombasa, mpaka Ramadhani ya mwaka jana alipouziwa tende zenye wadudu, akawauzia majirani zake bila kujua, na mzee mmoja akamrudishia kifurushi mbele ya watu wakati wa kufuturu. Mnaojua mji wa kale mnajua aibu hiyo ni ya ukubwa gani. Alifunga duka, akasema biashara ya tende ameiacha. Marehemu alikwenda Malindi, wakakaa wawili, na akamwahidi kwamba Ramadhani hii tende zitaletwa na yeye mwenyewe, safi, na duka litafunguliwa. Miaka yote hiyo alikuwa ametoa mizigo ya watu wengine, wa kwake hakuwa nao hata katoni. Juni 2025 akasajiliwa kuwa mwagizaji, vibali vikatoka kwa jina la Fridah Kanze Ngowa, na mwezi wa Agosti akaagiza kontena moja la tende kutoka Saudia.

Maumivu ya tumbo yalianza Julai, akayaita vidonda vya tumbo, na tarehe 21 Oktoba 2025 madaktari Mombasa wakasema ni saratani ya kongosho na kwamba imeenea. Alitibiwa, akakonda, akaendelea kwenda ofisini, na tarehe 9 Januari mwaka huu alilazwa. Kontena lilifika tarehe 12 Januari. Tarehe 15 lilizuiwa.

Wengi mmeniuliza tangu Jumanne, mnaniuliza kwa kunong'ona kana kwamba ni habari ya ugoni, basi nitalisema hapa mara moja. Lilizuiwa kwa sababu vibali vilisema mwagizaji ni Fridah Kanze Ngowa, na lebo kwenye kila katoni ilisema tende hizi zimeletwa na Radhia Stambuli, Malindi. Yeye, aliyewafokea wateja kwa kukosea herufi, ndiye aliyempelekea mwenye kiwanda jina la kuchapa. Wengine husema ni ugonjwa uliomchanganya, si kweli, akili yake ilikuwa timamu kuliko yangu. Nilimuuliza kitandani, akaniambia kwamba mwenye kiwanda alipomuuliza tende ziandikwe jina la nani, mkono wake ulikataa kuandika jina lake juu ya tende wakati Bi Radhia yu hai, kwamba mtoto hamtangulii mzazi mlangoni, na kwamba alilijua kosa wiki ileile, akajiambia atalirekebisha, kisha tumbo likamshika. Akasema angekuwa mteja wake angemfukuza ofisini. Ala! Tulicheka, mimi na yeye, katika wodi ile, na muuguzi akatuangalia vibaya.

Palikuwa na njia ya mkato. Wakala mmoja, jina lake naliacha, alipendekeza ziandikwe karatasi kwamba mwagizaji ni Bi Radhia, tarehe zirudishwe nyuma, watu wafumbe macho, tende zitoke kesho yake. Mimi nilikubaliana naye, nasema wazi, sikujali karatasi, nilitaka dada yangu aache simu afe kwa utulivu, nilimpokonya hata hiyo simu nikaiweka kwenye mkoba. Aliidai. Akasema kwamba tende za mwaka jana zenye wadudu zilipita hivyohivyo, kwa watu kufumba macho, na yeye hawezi kumfutia Bi Radhia aibu kwa uongo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, akaniambia mimi, niliyemfundisha methali hiyo. Akaomba kibali cha kubandika lebo mpya ndani ya ghala la forodha, mbele ya ofisa, akijua barua hiyo itachukua wiki na yeye wiki hana nyingi, na kwamba mwezi wa Ramadhani ukiandama kabla tende hazijatoka, duka halitafunguliwa.

Wakati huo sampuli ilikuwa imechukuliwa, na kijana wa ofisini kwake akamletea hospitalini pakiti iliyobaki, imekatwa kona, akaiweka dirishani. Nilimsihi aonje tende moja, mtu mgonjwa, utamu tu wa ulimini. Akatikisa kichwa, majibu yalikuwa hayajatoka. Majibu yalitoka tarehe 6 Februari, yakasema tende ni safi, na siku hiyo alikuwa hawezi tena kumeza hata maji ya kijiko. Pakiti ilibaki dirishani.

Kibali cha lebo kilitoka, na ofisi ikataka yule ambaye jina lake linaondolewa aje mwenyewe athibitishe kwamba mzigo si wake. Bi Radhia ana miaka sabini na minane, magoti yake mnayajua. Alikwenda Mombasa, akatoa kauli yake, akaambiwa anaweza kurudi nyumbani, vibarua watabandika, naye akasema wallahi hatoki, kama jina lake linafunikwa kwa jina la mwanawe, atalifunika kwa mkono wake. Wakamletea kiti cha plastiki. Akaanza Jumatatu, yeye na wajukuu zake Shaima na Farid, pamoja na vibarua, wanateremshiwa katoni, yeye anabandika, jina la Fridah juu ya jina lake.

Marehemu alifariki Jumanne tarehe 10 Februari 2026, saa tatu asubuhi, mimi na mumewe tukiwapo. Mimi ndiye niliyempigia Bi Radhia simu. Nilisikia sauti za ghala, akasema innalillahi, akaniuliza nani amemfumba macho, nikamwambia ni mimi, akasema vizuri. Kisha Shaima amenieleza kwamba waliomba wamrudishe Malindi, akakataa, akasema matanga ya mwanawe atayakaa pale, akabandika mpaka ghala likafungwa, na Jumatano akarudi. Tende zilitoka Alhamisi. Jana, Ijumaa, duka lilifunguliwa.

Mimi sijalia. Natumwa huku na huku, naulizwa sufuria ziko wapi, najibu, na ndani kumekaa kimya kama nyumba ya watu waliohama. Wanaosema nina moyo mgumu, semeni, ni haki yenu, itakuja siku yake.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi, hata yule aliyetuangalia vibaya, majirani wa Mtwapa waliompikia Mramba, majirani wa Tezo mliolala nje na mbu, mawakala wenzake wa bandarini mliofunga ofisi leo, na maofisa waliofanya kazi yao bila kumpendelea, maana angekasirika. Bi Radhia, wewe sikushukuru, mzazi hashukuriwi msibani, nakupa pole.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, na mimi. Kwenye meza za chai mmewekewa tende, mkiinua katoni mtaona lebo imekaa upande kidogo, ni mkono wa Bi Radhia ulioibandika, msiibandue. Wiki ijayo mwezi ukiandama, watu wa Malindi watafuturu kwa hizo. Na ile pakiti ya dirishani ninayo hapa mkononi, kona imekatwa, haijaguswa.

Kanze, majibu yametoka. Ni safi. Na jina ni lako. Pumzika kwa amani.