Mama Springi, Fundi wa Magari Yanayoshika Kona

Marehemu mama yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Springi, alizaliwa tarehe 9 Juni 1961, mtoto wa tatu kati ya watano. Alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi zilizokuwa nyuma ya karakana ya mabasi, ambako baba yake alikuwa dereva. Kila basi lilipotoka, vikombe viligongana kabatini. Bibi, mama yake mzazi, alikuwa akisimulia kwamba siku za mapumziko, mabasi yakiwa yamelala, mtoto huyu hakulala kabisa. Ukimya ulimsumbua.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya karakana hiyo, kisha mwaka 1979 akaingia chuo cha ufundi. Bibi, aliyekuwa mshonaji, alimtuma akajiandikishe ushonaji. Marehemu alifika chuoni, akautazama mlango wa ushonaji, akautazama mlango wa magari, akaingia huo wa pili. Nyumbani hakusema neno. Mambo yalifichuka Bibi alipofua sare yake.

"Hebu niambie," Bibi aliuliza akiwa ameinua gauni juu ya beseni, "hii ni cherehani gani inayomwaga oili hivi?"

Marehemu alicheka, akakiri, na Bibi akamshonea ovaroli. Alihitimu mwaka 1981.

Kazi alianzia katika gereji kubwa ya mjini. Wenzake waligombania injini, yeye wakamsukumia kazi za chini ya gari: springi, shokapu za kutuliza mdundo, bushi za mpira zilizochakaa. Walidhani wamemkomoa, kumbe wamempa kazi ya maisha. Alipofungua gereji yake mwaka 1986, wenye magari ya kasi ndio walioanza kumfuata. Kila mmoja alikuja akisifia injini. Aliwasikiliza wamalize, kisha akawaambia, "Sawa. Injini inakufikisha kwenye kona. Kukutoa huko ni kazi yangu."

Mume wake naye aliletwa na gari. Alikuwa mwalimu wa hisabati, na mwisho wa juma alishiriki mashindano ya kupanda mlima kwa magari. Alifika gerejini na gari lililoinama hadi karibu liguse lami, likidunda kama mpira. Marehemu aliingia chini ya gari, akatoka anatikisa kichwa.

"Nani amekukatia springi hizi?"

"Nimezikata mwenyewe. Gari likiwa chini linakimbia."

"Linakimbia au linarukaruka?"

Mwalimu alifikiri kidogo. "Yote mawili."

"Basi likiwa hewani, usukani ni pambo tu. Liache hapa, uende kwa miguu."

Alimweleza kwamba springi iliyokatwa inafika mwisho haraka na kuirusha tairi juu, na tairi isiyogusa barabara haiwezi kushika kona. Alimfungia springi fupi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, na shokapu za nguvu inayolingana nazo. Bushi zilizokwisha akazibadilisha, na mwisho akanyoosha magurudumu. Mwalimu alikuwa akipita kila jioni "kuangalia kazi imefika wapi". Gari lilipokuwa tayari alitafuta kasoro ili apate sababu ya kurudi. Alipoikosa, akaamua kuposa. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1988, wakajaliwa watoto watatu.

Ilikuwa ndoa ya upendo na ubishi. Baba alitaka gari gumu kila mwaka.

"Kaza kidogo tu, mama watoto."

"Nikikaza zaidi ya hapo utakuwa unaendesha meza."

Mwaka 1994 Baba alishinda mashindano ya mlimani, na kwa miaka mingi aliwahubiria wageni kwamba ugumu wa gari ndio uliompa kombe. Siku ya kuadhimisha miaka ishirini na tano ya ndoa yao, mbele ya ukumbi mzima, Mama aliinuka na kueleza kwamba asubuhi ile ya mashindano alizilegeza shokapu za nyuma, Baba akiwa anakunywa chai. Baba aliomba maji. Watu walicheka hadi mpiga picha akashindwa kushika kamera.

Lakini hakuwa mtu wa utani tu. Mwaka 1999 mteja wake mmoja, dereva kijana, alipinduka siku chache baada ya kuchukua gari alilolifanyia kazi. Alivunjika mguu na mbavu. Marehemu aliomba gari lililobondeka liletwe gerejini, akakagua kila nati kwa mikono yake. Hakukuta iliyolegea. Hata hivyo alifunga gereji, akawa anashinda hospitalini kando ya kitanda cha kijana yule. Siku moja kijana alimwambia, "Mama, acha kujitesa. Gari halikuwa na kosa. Lilishika kona vizuri mpaka nikasahau kwamba kuna mahali litashindwa."

Maneno hayo yalimwingia. Alipofungua tena gereji, hakumkabidhi mtu ufunguo kabla hajaketi naye garini, wakazunguka pamoja, na breki na tairi zikakaguliwa. Kisha alimtazama usoni na kusema, "Gari hili sasa linakusamehe makosa. Usilizoee." Wapo waliokasirika na kwenda kwingine. Hakuwafuata.

Mwezi wa pili mwaka jana alianza kulalamikia mgongo. Alisema ni uzee wa kuinama chini ya magari. Vipimo vilionyesha saratani, tena ilikwisha kufika mifupani. Matibabu yalikuwa katika hospitali iliyo nje ya mji, na barabara ya kwenda huko ina mashimo na matuta. Gari la nyumbani lilikuwa lile lile la Baba, gumu kama alivyolipenda. Mama alishika mpini wa mlango, akafumba macho, na kila tuta lilipopita midomo yake ilikauka zaidi.

Asubuhi moja alisikia chuma kikigongwa uani. Alitoka akijikongoja kwa fimbo, akamkuta mumewe, mwalimu mstaafu ambaye tangu zile springi alizozikata hakufungua tena hata gurudumu, amelala chini ya gari, mikono imechubuka. Pembeni palikuwa na springi laini na shokapu za gari la kawaida la familia.

"Baba watoto, unafanya nini?"

"Nalainisha."

Mama akaomba kiti, akaketi, akaanza kazi ya usimamizi. "Toka chini kwanza. Legeza nati za gurudumu kabla hujapiga jeki. Sasa weka stendi, jeki peke yake haiaminiki. Polepole na hiyo springi, ikikuchomoka itakung'oa meno, nami sikuolewa na kibogoyo."

Walimaliza jua likiwa linashuka, kazi ambayo yeye angeimaliza kabla ya chakula cha mchana. Aliomba apelekwe barabara ya mlimani kulijaribu. Kwenye kona ya kwanza gari lililala ubavu kama kitanda chenye mguu mmoja mfupi, na marehemu akacheka, kicheko ambacho hakikuwa kimesikika nyumbani kwa miezi.

"Umeliharibu kabisa hili gari," alimwambia mumewe, akamshika mkono juu ya gia. Mwaka ule wote uliobaki, aliweza kulala usingizi njiani kwenda hospitalini.

Alifariki alfajiri ya Jumatano iliyopita, nyumbani, kitandani kwake, mumewe akiwa ameketi karibu naye.

Ameacha mume, binti wawili na mtoto wa kiume, wajukuu watano, kaka yake mkubwa na mdogo wake wa mwisho, pamoja na mafundi aliowafundisha, ambao leo ndio waliolibeba jeneza lake kwa hatua za taratibu.

Familia inawashukuru wauguzi waliomhudumia, na ninyi nyote mliofika.

Mungu ampe mama yetu yale mapumziko ambayo sisi, kwa miaka yote, tulishindwa kumshawishi ayachukue.