Bwana Musyimi Nyamai na Hodi ya Zombe

Bwana Musyimi Nyamai aliajiriwa na Ushirika wetu wa Mbegu wa Kyeni mwaka wa 1991, na leo, Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne. Kamati imeniomba niandike wasifu wa kuchangamsha. Nitajaribu. Lakini leo hii pia ofisi yetu ya Zombe inafungwa, na mambo hayo mawili siwezi kuyatenganisha.

Alizaliwa Kalamba, akaanza kazi kama karani wa ghala la pojo na mbaazi. Kompyuta zilipoletwa alikabidhiwa yeye, kwa kuwa wengine wote tuliogopa kuzifungua. Wakati mmoja alimkuta mjusi ndani ya kompyuta ya meneja hapa makao makuu, Sultan Hamud. Alimtoa kwa heshima zote, akatangaza kwamba huyo ndiye pekee aliyekuwa akifanya kazi humo ndani.

Kazi iliyomjengea jina ni ya Zombe. Kompyuta ya kule ilikuwa na kadi moja ya mtandao na mabwana wawili. Wa kwanza ni mtandao wa zamani wa ofisi, wa printa na rekodi za ghala, wenye draiva yake, yaani programu ndogo ya kuongea na kadi. Wa pili ni terminali, programu iliyomwezesha karani wa Zombe kufungua rekodi za wanachama zilizoko Sultan Hamud bila kusafiri. Kila mmoja aliitaka kadi peke yake, na mmoja akiishika mwingine anagoma.

Adabu zetu ndizo zilizotuponza. Kwetu mkubwa hutangulia kunawa na hutangulia kupakuliwa, basi kila aliyejaribu aliwasha draiva ya zamani kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyotangulia kufika. Ikishakaa, haimpishi mtu. Bwana Musyimi mwenyewe alihangaika hivyo kwa wiki nyingi, mpaka akathubutu kugeuza mpangilio. Alitanguliza draiva ndogo ya kugawa kadi, kisha ile ya zamani akaipandisha mgongoni mwake. Mtandao wa zamani na terminali zikafanya kazi pamoja. "Mzee akichoka, si anabebwa?" alituuliza, akaenda zake kunywa chai.

Tangu hapo tukawa na desturi. Kila asubuhi karani wa Zombe, Bi. Falis Aftin, aliandika HODI kwenye skrini yake, nasi Sultan Hamud tukamjibu KARIBU. Hapo tulijua wakulima wa Zombe watahudumiwa, maana bila rekodi hakuna mbegu inayotoka ghalani.

Mwezi wa Aprili radi ilipiga, kadi ikaungua. Draiva ile ndogo ilikuwa inaijua kadi ya aina hiyo tu. Bwana Musyimi alitafuta kadi nyingine kama hiyo Kitui, Machakos, hadi kwa wauza vyuma chakavu Nairobi, asiipate. Akaweka ya aina nyingine: terminali ikafunguka, rekodi za ghala zikapotea. Akarekebisha, za ghala zikarudi, terminali ikaganda. Alipozilazimisha pamoja, mashine ikajizima. Wasimamizi wakasema ofisi ndogo hivyo haistahili mfumo mpya, wakatoa makataa: isipounganishwa kufikia siku ya kustaafu kwake, ifungwe.

Bi. Falis alikuwa akimpigia simu. "Mzee, hii kitu imekataa tena. Watu wako hapa nje, niwaambie nini?" Naye alikuwa akimjibu, "Mwiitu wakwa, binti yangu, waambie wangoje kidogo. Wacha nijaribu tena."

Jana alijaribu mara ya mwisho. Skrini ilibaki nyeusi. Akakunja waya zake, akamsaidia Bi. Falis kutoa viti nje.

Wanasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wasiniambie mimi. Mawingu yameshatanda, na mkulima wa Zombe sasa atatakiwa kufuata mbegu Kalamba, kaunti nyingine kabisa. Wengi hawataenda. Watapanda masalio yaliyotobolewa na wadudu, na wengine hawatapanda kitu. Inaniuma, na sitaificha kwa sababu kuna keki.

Kamati ilitaka kumzawadia tangi la maji. Alikataa. Aliomba kompyuta ya Zombe, na ndiyo hiyo mezani, imefunikwa kwa kitambaa cha maua. Anasema ataendelea kuijaribu nyumbani. Wapo waliocheka. Mimi sikucheka, lakini tumaini pia sina, kwa sababu hata akifaulu hakuna tena ofisi ya kuirudisha.

Bwana Musyimi, asante kwa miaka yote uliyotuunganisha. Uishi vyema, ulale usingizi wa kutosha, na shamba lako likupe zaidi ya ulichopanda. Nimeagizwa niifunge laini ya Zombe, ile iliyokuwa ikituletea HODI, jioni hii. Sitaifunga. Kila asubuhi nitaitazama skrini ile kabla ya kuvua koti, na siku utakayopiga hodi, hata mvua ikiwa imeshapita, utajibiwa.

Mutindi Kaloki,
Idara ya Rekodi, Sultan Hamud