Mpangaji wa Nyuma, Chini

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa hospitali yetu, waheshimiwa madaktari, wauguzi wenzangu, ndugu wageni waalikwa, hasa nyie mliotibiwa hapa na leo mnatafuna bila kujishika shavu, na wewe, Mzee Kingo, mstaafu wetu, uliyekalia kiti cha heshima huku umeng'ang'ania mikono ya kiti hicho kana kwamba nakuja na sindano. Habari za mchana. Kaeni kwa raha, na leo midomo mnaruhusiwa kuifunga.

Mimi ndiye muuguzi ninayeshika bomba la kunyonya mate. Wengi wenu sura yangu hamuijui, mnayajua macho tu, juu ya barakoa, na sauti inayosema "panua kidogo tena."

Mnajiuliza, kwa nini daktari wetu wa meno tunamwita Mzee Kingo? Kuziba jino, ndugu zangu, wengi wanaweza. Lakini tundu likishuka chini ya ufizi, pale ambapo hata wewe mwenye mdomo hupaoni kwenye kioo, damu inaingia, mate yanaingia, na daktari anaanza kutokwa jasho. Hapo ndipo mzee wetu anapopitisha kile kifimbo chake chembamba cha chuma kwenye ukingo wa dawa ya kuziba, huku ananong'ona, "Kingo, kingo, kingo," mpaka mgonjwa anadhani anaombewa dua.

Na somo lake lilikuwa moja, tumelisikia mpaka tunaliota. "Dawa ya kuziba ni mpangaji," anasema. "Ufizi ndio mwenye nyumba. Mpangaji awe wa rangi ya fedha, awe wa rangi ya jino, mwenye nyumba haanzi kumuuliza kabila. Anamuuliza: umekaa sawa? Umelainika? Au umetokeza kibaraza nje ya ukuta, uchafu ukapata pa kujibanza?" Kibaraza kikiwepo, ufizi unavimba, unakuwa mwekundu, ukiugusa na mswaki unavuja damu. Na daktari akishusha dawa mno, mpaka karibu na mfupa, mwenye nyumba haitishi kikao. Ama ananuna kwa kuvimba kila siku, ama anarudi nyuma na kuuacha mzizi uchi.

Kwa hiyo mzee hakusema "vizuri" siku ya kuziba hata mara moja. Alisema, "Tumsubiri mwenye nyumba." Ukirudi, akakuangalia, ndipo unapopata hukumu: ufizi umekubali, au umekataa.

Lugha hiyo ndani ya chumba chetu haikuwa na tatizo. Tatizo lilikuja ilipopanda kwenye simu.

Yupo mama yetu mmoja hapa mbele, shikamoo mama, ambaye ana nyumba ya ghorofa na anapangisha vyumba. Jino lake la nyuma, chini, lilizibwa kwingine na dawa ikaachwa imetokeza. Mzee akapiga simu nyumbani, akapokea baba. Mzee akasema, na mimi nilikuwepo, "Mwambie mama, yule mpangaji wa nyuma, chini, amejenga kibaraza. Mwenye nyumba amevimba. Jumatatu tunamtoa."

Baba akauliza, "Kabisa, daktari?"

"Kabisa. Na tutapasafisha alipokuwa, maana pananuka."

Jamani, ungekuwa wewe ni baba, mke wako amevimba kwa hasira mpaka amemshtakia daktari, ungefanya nini? Chumba cha nyuma, chini, alikuwa anakaa fundi cherehani. Na kweli, fundi alikuwa ameweka benchi na turubai nje ya mlango! Baba akashuka akampa notisi, na maneno ya daktari akamfikishia yote, hata la kunuka.

Jumatatu, mama hajafika bado, mlango wetu ukafunguliwa kwa teke. Akaingia mtu na cherehani kichwani. "Ni daktari gani hapa," anasema, "anayesema mimi nanuka?"

Fundi, simama basi uonekane. Msimwogope, siku hizi ni rafiki. Mzee alivua glavu, akaomba radhi, akabeba cherehani yeye mwenyewe mpaka kule chumbani, akamweleza baba kwamba aliyevimba ni ufizi. Makoti yetu meupe haya yote kayashona fundi. Na bado mzee hakubadilisha lugha!

Sasa nasogea penye moyo wangu. Chumba cha mzee cha kutibia kinarithiwa na Daktari Mdogo, binti yule pale nyuma anayejifanya anasoma simu. Amefundishwa na mzee tangu anafika, na tangu anafika hajawahi kuambiwa "vizuri." Mzee alipotakiwa kustaafu, akamwambia Mganga Mkuu, "Mimi mwenyewe nina jino limeoza chini ya ufizi. Binti anizibe. Ufizi ukikataa, sitoki, na chumba hapati."

Akazibwa. Shujaa huyu mnayemwona alinishika mkono mpaka pete ikaniachia alama. Binti akausogeza ufizi taratibu, akakausha, akaziba, akalainisha. Mzee anauliza, "Kingo?" Binti anajibu, "Zipapase kwa ulimi, mzee." Tangu siku hiyo mzee akipiga mwayo, binti anachungulia.

Asubuhi moja mzee akatema mate, yana damu. Nilimkuta binti stoo, analia kwenye maboksi ya pamba. Nikaenda kumkabili mzee. Mnajua alifanya nini? Alikuwa ameuchokonoa ufizi kwa kijiti, eti anaujaribu! Nilimnyang'anya kijiti, na sijutii.

Leo asubuhi, Mheshimiwa Mganga Mkuu, wewe mwenyewe ulivua koti ukamwangalia. Ulipitisha kifimbo kwenye kingo zote, nami nimeshika taa. Ufizi umeshikamana, hauna wekundu, hauna hata tone la damu. Nikamwambia mzee, mwite binti umwambie. Akasema, "Siwezi. Nikimwambia nitalia. Sema wewe, mbele za watu, wasikie wote."

Daktari Mdogo, weka simu chini, mwanangu. Nimetumwa maneno mawili, na anayenituma ni huyu hapa anayejifuta macho na kitambaa cha meza: ufizi umekubali.

Mwenye nyumba ameridhika. Njoo uchukue ufunguo, chumba ni chako.

Mzee wangu, nenda kapumzike, na vijiti uache mlangoni. Nanyi wageni wetu, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu leo, maana midomo nimeshaiona ya kutosha.