Makoye Jilala, Mkimbiaji Aliyesimama Kusalimia

Jambo lililomwondoa mume wangu nililisikia kwanza kwa kaka Altaf, mwenye duka la vipuri vya pikipiki hapa Kharumwa, Jumanne jioni, Makoye akiwa ameshatutoka. Kwa kuwa mimi sina sauti ya kusimama mbele za watu wengi, nimeandika, na nimempa shemeji yangu Ndaki, mdogo wake marehemu, awasomee, nami namwomba asome yote, hata pale atakapojikuta ametajwa, asiruke wala asijifanye kukohoa.

Makoye Jilala alizaliwa tarehe 3 Agosti 1991, katika kijiji hiki hiki tulichoketi, mtoto wa kwanza wa Mzee Jilala na mama mkwe wangu Lusia, naye Ndaki akamfuata. Alianza shule ya msingi mwaka 1999, akamaliza mwaka 2005, na katikati ya hapo, mwaka 2003, baba yao alianguka shambani akilima, mtu ambaye hakuwa mgonjwa, akafa pale pale. Yakasemwa mengi ambayo sitayarudia, ila hakuna aliyetaja moyo. Makoye alifaulu lakini hakuendelea, kwa sababu ng'ombe wa baba mdogo walihitaji mchungaji, na mwaka 2012 akaanza kazi ya bodaboda, aliyoifanya kwa uaminifu hadi mwisho.

Tulifunga ndoa tarehe 17 Agosti 2019, nikaolewa na mtu mpole, mchapakazi, ambaye sikuwahi kumwona akikimbia hata mvua. Mwaka uliofuata kaka Altaf aliambiwa na daktari wake apunguze mwili, akaona aibu kukimbia peke yake barabarani, akamchukua mume wangu. Altaf alipungua, akapoa, akawa anakimbia siku akijisikia, lakini Makoye ndiye akawa ameshikwa na mbio. Mtu mwenye pikipiki yake, yenye mafuta, anaiacha uani na kwenda kwa miguu hadi kijiji cha tatu na kurudi, kisha anavua nguo zimelowa na kuniletea nifue, mimi ninayeteka maji kisimani. Wenzake wa kijiweni walikuwa wakimpita wanapunguza mwendo, "Baba Blessing, imekufa nini, plagi?" na wengine kwa huruma kabisa wanamwambia, "Panda nyuma, sikudai kitu."

Binti yetu Blessing alizaliwa tarehe 2 Februari 2021 katika zahanati yetu, na baba yake akatokea mlangoni akiwa na kaptula, anahema, jasho linamtiririka. Muuguzi akamsifu mbele ya wanawake wote kwamba huyu ndiye mume, amekuja mbio, naye akapokea sifa, kumbe alikuwa anapita tu kwenye mazoezi yake, akaambiwa na watu wa nje kwamba mkewe yuko ndani.

Mwaka 2022 nusura tumzike mapema. Alfajiri moja bibi mmoja wa upande wa mtoni alimwona anapita mbio, na kwetu mtu mzima hakimbii alfajiri bila sababu, bibi akajua ni ng'ombe wameibwa, akapiga mwano, ule ukunga wa kuita kijiji kizima. Wanaume wakatoka na fimbo na mapanga wakamfuata Makoye, wakidhani yeye amewaona wezi na anawaongoza, naye akageuka akawaona, akafurahi kwamba hatimaye watu wamependa mbio, akaongeza mwendo. Walipofika kijiji cha pili, watu wa huko wakaona mtu mmoja mbele na kundi lenye mapanga nyuma, wakaelewa wanavyoelewa, wakaziba barabara. Kilichomwokoa ni kwamba pembeni alikuwa amesimama mzee mmoja, na Makoye, katikati ya hatari ile, akasimama, akainama, akasema, "Shikamoo, babu." Mzee akawazuia vijana kwa mkono, akawauliza, "Mwizi gani huyu wa kuamkia watu?" Alirudi nyumbani anacheka. Mimi sikucheka, na mpaka leo sioni cha kuchekesha.

Alishiriki mbio ndefu za Shinyanga mjini miaka mitatu mfululizo, na mara zote alifika wa mwisho, nyuma hata ya wazee waliokuja kutembea, kwa sababu ile ile, hakuweza kumpita mtu mwenye mvi bila kusimama. Salamu yetu haiishi kwenye shikamoo, lazima uulize mvua, mifugo, wajukuu, na mzee naye akuulize ukoo wako. Anafika, medali zimekwisha, vijana wanakunja turubai, na akirudi namuuliza imekuwaje tena, ananijibu bila aibu, "Mama Blessing, mwaka huu wazee walikuwa wengi barabarani." Unaweza kumgombeza mtu kwa ukosefu wa adabu, lakini mtu mwenye adabu ya namna hiyo utamgombeza vipi.

Sasa nafika kwenye ugonjwa. Mwezi Machi mwaka huu wa 2025 alipata kizunguzungu akiwa mazoezini, kaka Altaf akampeleka hospitali Shinyanga mjini, wakampiga picha ya moyo. Aliporudi aliniambia, "Wamesema ni uchovu, ninywe maji," nami nikawa namchemshia maji, nampoza, namjazia chupa kila asubuhi, huku yeye anajua na Altaf anajua. Ukweli ni kwamba daktari alimwambia misuli ya moyo wake ni minene kuliko inavyotakiwa, asikimbie tena, na kwamba ugonjwa huu mara nyingi hutembea katika damu ya familia, hivyo mtoto wake na ndugu yake wa tumbo moja wapimwe. Alimwapisha rafiki yake asiniambie hadi baada ya mbio za mwaka huu, alikuwa anataka medali moja tu. Kaka Altaf, mimi nakuheshimu, umelia msiba huu kama ndugu, lakini siri ya namna ile si ya kumtunzia mtu.

Jumanne tarehe 10 Juni aliniaga kwamba anakwenda kunyoosha miguu tu, anatembea, akaondoka na chupa yake. Kumbe alikimbia, akaanguka barabarani karibu na ghala la pamba, Altaf akiwa naye, madereva wenzake wakambeba hadi hospitali, na huko akakata roho, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitatu.

Jioni ile Altaf alipotueleza yote, wazee wa ukoo walisema Makoye ameuawa na mbio, basi, mwenye akili asikimbie. Nikauliza, mbona baba mkwe hakuwa mkimbiaji. Nikamgeukia Ndaki, ambaye mwezi wa nne alizimia kwenye kamba akipanda kutoka duarani, lile shimo lao la dhahabu kule Nyarugusu, wenzake wakasema ni hewa mbaya, nikamwambia, "Shemeji, twende ukapimwe." Akanijibu, "Mimi sikimbii, shemeji, mimi nachimba." Watu wakacheka, msibani. Mama mkwe akaniambia nisimtafutie mwanawe aliyebaki ugonjwa. Mama, shikamoo, nimebeba uchungu wako pamoja na wangu, lakini ninaye mmoja wa kumzika na sitaki kuandika historia ya marehemu wa pili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea, majirani mliopika na kulala nasi, mchungaji, na madereva wa kijiweni mliozima pikipiki zenu siku hizi zote bila kuombwa. Baba Blessing, lala kwa utulivu, nimekukasirikia sana na nimekulilia zaidi.

Limebaki moja, kwa kuwa nasikia linasemwa jikoni, kwamba mjane hakumaliza hata siku moja kwenye mkeka akapanda gari la mwanaume. Ni kweli nilipanda. Jumatano asubuhi, kesho yake baada ya kifo, nilimfunga Blessing kanga, nikamwomba kaka Altaf atupeleke Shinyanga mjini, nikakaa kwenye benchi na nguo zangu za msiba hadi tukaitwa. Daktari amesema moyo wa mtoto kwa sasa uko salama, ila arudishwe kila mwaka, kwa sababu tatizo hili linaweza kujitokeza ukubwani. Nikamwambia yupo mwingine, mtu mzima, mbishi, akasema aje Jumatatu hii tarehe 16, asubuhi. Nikamjibu kwamba atakuja, na jibu hilo, Ndaki, umelisoma sasa hivi kwa mdomo wako mwenyewe, mbele ya mama yako na watu wote hawa.